Mwaka wa Mapepe

Habari ya kifo cha Mama Sekela ilinifikia wiki tatu baada ya mazishi. Nilikuwa Tunduma, juu ya ngazi, nachomelea geti la mtu, simu ikaita mfukoni na namba sikuijua. Nikashuka. Sauti ya mwanamke ikauliza kama mimi ndiye yule Bwana Mto aliyekaa kwa mama yake kule Kyela. Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa karibu miaka ishirini. Nikasema ndimi. "Mimi Sekela," akasema. "Mama ametutoka. Namba yako nimeitafuta mpaka nimechoka, nimepita kwa watu watano." Nikampa pole, naye akaendelea kuongea, kama mtu aliyekaa na maneno siku nyingi bila wa kumpa. Alisema mama yake mpaka siku za mwisho alikuwa anawasimulia wajukuu habari za mwaka wa mapepe, mwaka ambao mpunga wake ulitoka maganda matupu yasiyo na chembe ndani. Aliwaambia ulitoka vile kwa sababu yeye alikuwa mchoyo na majirani wakamnung'unikia, na wao wasije wakawa kama yeye. "Kila mavuno beseni la kwanza lilikuwa linaenda kwa Mama Ambwene," Sekela akasema. "Hata goti lilipokataa, alikuwa anakaa kwenye baiskeli anasukumwa. Wewe ulikuwepo mwaka ule, sivyo?" Nikasema nilikuwepo. Nilitaka kusema na jambo la pili, nikasema tena pole sana. Simu ikakatika, sijui ni salio au ni yeye, nami nikabaki nimesimama na miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, mwenye geti ananiuliza kama nimefiwa na ndugu. Nikamwambia hapana. Halafu nikamwambia ndiyo.

Kyela nilifika nikiwa na miaka ishirini na tatu, juu ya lori la saruji. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Sikuwa mzito kichwani, ila kila kilichokuwa nje ya dirisha kilikuwa kinanivuta kuliko ubao. Nilishapakia viazi Makambako, nilishavunja kokoto, nilishapika chapati kwenye mgahawa wa Msomali, na kila mahali nilikuwa naondoka nikishajua mambo yao yanavyokwenda. Tulishusha saruji Ipinda, na kwenye baraza ya nyumba ya wageni nikamwona mtu mwembamba amevaa koti la mvua juani, ameshika kijiti cha manjano chenye kioo kidogo, anakichovya kwenye glasi ya maji, anakitazama, anatia chembe ya chumvi, anakichovya tena. Nikasimama. Nikauliza ni nini. Akaniambia. Nikauliza kinajuaje. Akasema maji yakiwa na chumvi yanapitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kijiti kinapima hilo. Nikauliza, na sukari je? Akacheka, akaniambia nikalete. Tukatia sukari, namba haikusogea hata kidogo. Nilifurahi kama nimeokota kitu. Mtu huyo aliitwa Hamza, mwenyeji wa Tanga, fundi wa vipimo, na kabla chai yake haijaisha alikuwa ameniuliza kama naweza kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nikasema naweza, na nilikuwa namdanganya yeye na nafsi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja, ambayo haipo tena, ilikuwa inatoboa miamba milimani kutafuta madini, na katika mashimo yao yalikuwa yanapanda maji ya chumvi. Waliyatunza kwenye bwawa kubwa, na bwawa likijaa ilikuwa lazima yaende mahali. Waliruhusiwa kuyafungulia kwenye mto, lakini siku za mto kujaa tu, ili chumvi ipotee ndani ya maji mengi matamu. Ndiyo maana walihitaji mtu huku bondeni, karibu na ziwa, wa kuwaambia kila asubuhi na kila jioni mto umefika wapi na chumvi yake ni kiasi gani. Hamza alikuwa amepigilia ubao mrefu wa vipimo kwenye nguzo ya daraja, wenye mistari kama rula, na mmoja mwekundu. Maji yakipita mwekundu, huko juu wanafungua. Yakiwa chini yake, hawafungui. Mto ulikuwa mmoja wa ile midogo inayoshuka kutoka milimani kuja kuingia Ziwa Nyasa, na jina lake nitaliacha. Nilimuuliza Hamza kwa nini ubao uko pale na si juu zaidi. "Kwa sababu gari linafika," akasema. Sikuona kasoro katika jibu hilo. Kijiti akanipa nikakivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na daftari la fomu akalifunga kwenye nailoni. Akaniambia nisizungumze namba na wanakijiji, maana watu wakisikia chumvi watasema sumu.

Chumba nilipewa uani kwa Mama Sekela, mjane wa miaka kama hamsini na tano, ambaye binti yake wa pekee alishaolewa Mbeya. Kilikuwa ghala la mpunga. Harufu ya mpunga ilikuwa kwenye matofali, kwenye godoro, baadaye kwenye nywele zangu. Dirisha halikuwepo, kulikuwa na tundu la tofali moja, na kupitia tundu hilo nilijifunza nyumba nzima. Nilijua sauti ya chungu cha Kikisi, cha wale wafinyanzi wa ufukweni, kinapowekwa juu ya mafiga, nilijua anapogeuza kakao kwenye mkeka kwa harufu ya siki iliyoingia, nilijua sala yake ya asubuhi, ndefu, ya Kinyakyusa, ambamo sikuelewa kitu isipokuwa majina ya watu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakula peke yangu darajani, mihogo ya kuchemsha na chumvi. Siku zilipita ambazo mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa Hamza. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya mashamba, na mazungumzo yetu yalikuwa namba mbili. Nasema moja nukta moja, nasema chumvi themanini, anasema safi, anakata. Nilikuwa nabaki juu ya kichuguu nimeshika simu, naona ziwa upande huu na milima upande ule, na katikati watu wameinama kwenye majaruba ya mpunga wanaitana kwa majina. Nilikuwa nimezoea kuwa mgeni. Lakini mgeni wa kupita ana kazi ya kupita. Mimi nilikuwa mgeni niliyekaa, na hilo lilikuwa jipya kwangu, na lilinilemea kuliko nilivyotegemea.

Aliyeuvunja upweke huo alikuwa Mama Sekela mwenyewe, tena kwa kunisema. Alinikuta namenya muhogo nimekaa juu ya ndoo. "Wewe kijana, unakula kama mtu anayekimbia polisi. Njoo mezani." Meza ilikuwa ya miguu mitatu na tofali. Aliweka wali, akaweka dagaa wa ziwani aliowapika na nyanya, akafunua sahani nyingine ya ndizi za kupikwa na maharage, akakaa ng'ambo akinitazama. Wali ule ulinukia kabla sijaufikisha mdomoni. Nilikuwa nimekula wali sehemu nyingi, lakini ule niliunusa tena kabla ya kutafuna. Akaona. "Huo siyo mchele wa dukani," akasema. "Huo ni wa mama mkwe wangu." Nikamwambia ndaga fijo, neno la asante nililolijua, akacheka jinsi nilivyolitamka, akanifundisha tena mpaka likakaa sawa. Kuanzia siku hiyo nikawa namwita juba, mama, na nikawa nakula pale kila jioni nikitoka mtoni. Na kila jioni, kabla ya kunawa, alikuwa ananiuliza: "Haya, Bwana Mto, mto umesema nini?"

Nilikatazwa kusema namba. Nikajiambia kwamba kusema mto umepanda au umeshuka siyo kusema namba. Jaruba lake la mbegu hiyo ya mama mkwe lilikuwa karibu kabisa na mto, na maji yalikuwa yanaingia kupitia pipa lililotobolewa pande zote mbili na kufukiwa chini ya ukingo, chini hasa, ili hata mto ukipungua lipate kunywa. Alikuwa analifunga na kulifungua kwa gunia la udongo. Kabla yangu alikuwa anateremka mwenyewe kutazama maji. Baada yangu akawa anauliza, nifungue? Nasema fungua, anamaliza kula, anakwenda kufungua. Mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake hawezi kujua neno dogo kama hilo linavyoweza kumshibisha mtu. Kulikuwa na mahali duniani ambapo nikisema fungua, panafunguliwa.

Mbegu ile ndiyo iliyokuwa ugomvi wake na dunia. Ilikuwa mpunga mrefu wa zamani, wa kunukia, ambao wengine walishauchanganya na mbegu za kununua mpaka ukapotea. Yeye aliuhifadhi safi, jaruba moja, mwaka baada ya mwaka, na hakumpa mtu. Mama Ambwene, jirani yake wa ukingo wa pili, rafiki yake tangu waolewe, alikuwa anaomba kila msimu. Niliwasikia kwa tundu langu wakichambua kakao, mwezi wa Januari.

"Nipe hata kikombe kimoja."

"Kikombe kitatembea. Leo kwako, kesho kwa shemeji yako, keshokutwa kimechanganyika na uchafu wenu."

"Mbegu unaifungia ndani kama binti."

"Binti nilishamwoza. Hii siiozi."

Wakacheka wote wawili, lakini Mama Ambwene alinyanyuka mapema, na nilipochungulia nilimwona anapita ukingoni anaongea peke yake, mkono mmoja unakata hewa. Jioni Mama Sekela aliondoa sahani. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mbegu yote ya mwaka jana ameshaiotesha, panya walikuwa wamekula sehemu yake, akaogopa kubakiza. "Mwaka huu ikiharibika, imekwisha. Haipo kwingine." Alisema akiwa anasugua meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Mwezi wa nne mvua zilipumzika kwa siku kama kumi. Milima ilionekana safi, haina wingu. Ziwa lilikuwa limejaa kuliko wenyeji walivyokumbuka, na upepo wa kusini, mwera, ukaanza kuvuma mapema kuelekea kwetu, siku nzima bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya pili ya upepo nilifika darajani nikakuta maji yamepita mstari mwekundu. Nikashangaa, maana mvua haikuwepo. Nikachovya kijiti, chumvi ilikuwa kidogo kama kawaida. Nikapanda kichuguu nikatoa namba zangu. "Safi kabisa," Hamza akasema, "bwawa limetujaa shingoni. Tunafungua leo." Jioni Mama Sekela akauliza mto umesema nini. Nikamwambia umejaa. Mpunga wake ulikuwa unachanua, wakati ambao hautakiwi kukosa maji hata siku moja. Nifungue? Fungua, juba.

Siku iliyofuata niliona jani la mgomba limeelea chini ya daraja. Nililitazama kwa sababu mimi hutazama vitu. Halikuwa linakwenda ziwani. Lilisimama, likazunguka, halafu taratibu likaanza kupanda kuelekea milimani. Nilitupa kipande cha shina la mgomba, nacho vilevile. Ndipo nikaelewa kwamba mto haukuwa umejaa. Ziwa ndilo lililokuwa limeingia mtoni, limesukumwa na upepo, limeyazuia maji yasitoke. Ubao ulikuwa unasema maji yako juu, na ni kweli yalikuwa juu, lakini hayakuwa yanakwenda popote. Nikakimbia kichuguuni. "Hamza, maji hayaendi. Jani linarudi nyuma." Akacheka. "Nipe namba, rafiki yangu. Hadithi utanipa tukikutana Ipinda." Nikampa namba.

Lakini jambo likishaniingia kichwani halinitoki. Kama maji hayaendi, chumvi wanayoifungulia iko wapi, mbona kijiti hakiioni? Nilifikiri kutwa nzima. Nikakumbuka yule Msomali wa mgahawani, alivyokuwa akimimina supu yenye chumvi kwenye maji ya moto, inateremka chini kwanza kabla hajakoroga. Asubuhi ya siku ya tatu tangu wafungue nilichukua chupa ya soda, nikafunga jiwe chini yake, nikaiziba kwa kizibo chenye uzi wake, nikaiteremsha mpaka ikagusa kitako cha mto, nikavuta uzi. Kizibo kikatoka, mapovu yakapanda. Nikaivuta juu, nikachovya kijiti. Maji ya juu yalikuwa yanasoma tisini. Ya chini yalisoma zaidi ya elfu tatu. Nikarudia mara nne. Nikayaonja. Yalikuwa na chumvi ya mchuzi uliozidishwa. Chumvi ilikuwa imelala chini ya mto kama nyoka, na juu yake maji matamu, na mimi kwa siku tatu nilikuwa nachovya kijiti kwenye mgongo wa maji na kuandika safi. Na lile pipa lilikuwa linanywa chini.

Hapa ndipo ninapokuwa naruka kila ninapojisimulia mwaka ule, na sasa sitaruka. Kutoka darajani mpaka kwenye pipa ni mwendo wa dakika tano. Ningeweza kukimbia na kulifunga kwa mikono yangu. Sikukimbia. Nilikaa chini ya daraja na chupa yangu. Nilifikiri, nikifunga atauliza kwa nini, na nikisema kwa nini, basi ni mimi niliyesema fungua. Nilifikiria ile meza ya miguu mitatu. Nilijiambia labda kijiti kimeharibika. Nilikuwa nimetoka kukirudia mara nne, na nilijiambia hivyo. Nikapanda kichuguu, nikamwambia Hamza habari ya chupa, na safari hii hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwenye fomu hakuna sehemu ya chini. Kuna ya juu tu." Akasema atamwambia mkubwa wake. Jioni ile nilikwenda kula. Mto umesema nini? Uko vilevile, juba. Aliniongeza wali.

Kesho yake jioni, baada ya siku nzima nyingine, nikamwambia afunge. "Mbona? Si umejaa?" "Funga tu, juba, wiki nzima." Alinitazama kidogo, akaenda akafunga. Bwawa nalo lilifungwa siku hiyo hiyo, mvua zikarudi, upepo ukageuka, na mto ukaosha kila kitu kana kwamba hakukuwa na kitu. Mkubwa wa Hamza hakuja. Fomu zangu zilibaki safi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na namba zote nilizoandika zilikuwa za kweli.

Mpunga ulikauka ukawa mzuri wa rangi. Ndicho kilichokuwa kibaya, ulionekana mzima. Masuke yalikuwa yamesimama wima, hayakuinama, na mimi nikajidanganya kwamba ni aina yake. Siku ya kupepeta nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu. Mama Sekela aliinua ungo, akamimina, na upepo ukauchukua wote. Hakuna kilichoanguka kwenye mkeka. Akainua mwingine. Maganda yalivuka ua yakashika kwenye nguo zilizoanikwa, yakashika kwenye nywele zake. Akaweka ungo chini, akaokota ganda moja, akalipasua kwa kucha, akalitazama ndani. Kwenye mashamba ya jirani, ambayo hayakunywa kwa lile pipa, mpunga ulikuwa salama. Yeye alitazama kule, akatazama lake. Akasema polepole, "Wameninung'unikia."

Lazima nieleze, maana si kila mahali watu wanaona hivyo. Kule wanaamini kwamba majirani wenye haki ya kukasirika wakinung'unika moyoni, manung'uniko yao yana ubaridi, na ubaridi huo unaweza kuingia kwenye ng'ombe, kwenye tumbo la mtoto, kwenye shamba. Hawasemi ni uchawi. Mchawi ndiye mwenye kosa, lakini katika hili mwenye kosa ni aliyenung'unikiwa. Na dawa yake si mganga. Unawaita, unapika, kila mtu anasema kilicho moyoni mwake, anasukutua maji na kuyatema nje, mnakula. Mama Sekela alikuwa mzee wa kanisa na alisali kwa bidii, na hakuona mgongano. Usiku mmoja tu ulipita, asubuhi alikuwa anachinja jogoo.

Walikuja wanawake saba wa mashamba ya ukingoni, Mama Ambwene wa mwisho. Walikaa kwenye mikeka uani, na mimi nilipangwa karibu na mlango kama mtu wa nyumbani. Chungu kilikuwa kinachemka, samaki mkubwa wa ziwani, mbasa, amekaangwa, na hakuna aliyegusa. Mama Sekela alisimama, akasema kwa Kiswahili ili nami nielewe, jambo ambalo lilinichoma. "Mimi nimekuwa mchoyo. Mmeniomba mbegu, nimewacheka. Mlikuwa na haki." Akasukutua, akatema. Kisha mmoja mmoja. Mwenye jambo la kuku, akalisema, watu wakacheka kidogo. Ilipofika zamu ya Mama Ambwene, alizungusha kikombe mkononi. "Ni kweli," akasema. "Siku ile ya kakao nilifika kwangu nikasema kwa kinywa changu, na auone huo mpunga wake. Nilisema. Sikujua moyo wangu una nguvu hivyo." Alikuwa analia. "Mwenzangu, nimekuulia mbegu." Mama Sekela akamfuata alipokaa, akamfuta uso kwa upande wa kanga.

Kona ya juu ya jaruba, mahali ambapo maji ya pipa hayakufika, ilikuwa imetoa nafaka. Nusu debe. Ilikuwa ndiyo mbegu yote iliyobaki duniani, na Mama Sekela aliileta katikati, akaigawa kwa kikombe mafungu manane, sawasawa, lake halikuzidi. Wanawake wale walipokea kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, umekaa nasi mwaka mzima. Una neno?"

Walinitazama wote. Nilikuwa nalo neno, lilikuwa moja, lilikuwa fupi. Lakini niliona nyuso zile, zilivyokuwa nyepesi, na nikafikiri, nikisema ni chumvi, basi kilio cha huyu kimekuwa cha bure, na mbegu hii itarudishwa ndani. Nilifikiri pia juu ya sahani yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa najiambia kilichonizuia ni lile la kwanza tu. "Sina neno, juba," nikasema. Nikasukutua, nikatema, nikala. Baada ya wiki mbili nilimwambia Hamza atafute mtu mwingine. Mama Sekela alinifungia ndizi za kuchoma, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nyumba ile ni yangu. Sikurudi. Nilibadilisha namba za simu kama wengine wanavyobadilisha mashati.

Baada ya simu ya Sekela, safari hii nilikwenda. Nilishuka Ipinda Jumapili, nikatembea. Kaburi la Mama Sekela lilikuwa bado udongo, na nyumba imefungwa. Majaruba yote ya ukingoni, pande zote mbili, yalikuwa na ule mpunga mrefu. Mama Ambwene nilimkuta barazani kwake, amezeeka sana, anapasua kakao na kisu kifupi, wenzake wamekwenda ibadani. Nilimsalimia, mugonile, akaniangalia mpaka akanijua. Nikaanza kusema kwa upole, kama nilivyojiandaa njiani. Akaweka kisu chini. "Sema kwa nguvu, Bwana Mto. Sikio hili limekufa, na hili linaumwa." Basi nikasema kwa nguvu. Jambo nililolificha karibu miaka ishirini nililipigia kelele mchana kweupe, mpaka mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akashusha mguu. Nilimweleza bwawa, ziwa kurudi nyuma, chumvi kulala chini, pipa. Nikasema, "Haikuwa wewe, juba. Moyo wako haukuua kitu. Ilikuwa chumvi, na mimi ndiye niliyemwambia afungue, na nilijua siku moja kabla sijamwambia afunge."

Alichukua kisu, akapasua kakao moja, akazitoa mbegu zake kwa kidole, akazitia kwenye beseni. Nikafikiri hakusikia.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini nilinung'unika. Hilo nililisema mbele ya watu, nikasamehewa, nikala. Limekwisha siku nyingi." Akapasua nyingine. "Yeye ulimwambia?"

"Hapana."

"Hata kwa simu?"

"Hapana, juba."

Akatikisa kichwa, bila hasira, kama mtu anayetazama kazi iliyofanywa vibaya. "Sisi tulitema neno. Wewe ulitema maji." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa hapo. Wanatoka ibadani sasa hivi. Watatu wa siku ile bado wapo, na Sekela amekuja juzi, yuko nao. Utasema tena, na useme kwa nguvu hivyohivyo."

Nilitazama barabara niliyokuja nayo. Kisha nikakaa, nikachukua kakao, nikaanza kumsaidia kupasua, na baada ya muda nikasikia sauti za wanawake zinakuja ukingoni, nikasimama.